Launji ya kulipia uwanja wa ndege: kuna faida au ni kutupa hela? Naenda na mama, tunasubiri masaa tisa Doha

#1 Binti Mzizima (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Namsindikiza mama yangu Chennai, India, kwa matibabu ya goti. Ana miaka 68, ana sukari, na ndege pekee aliyowahi kupanda ni ya kwenda Mwanza. Tunapitia Doha, na pale tunasubiri masaa tisa, usiku kucha.

Nimeona kwenye simu kuna launji za kulipia: unakaa, unakula, unaoga. Bei niliyopewa ni dola hamsini na kitu kwa kila mtu. Kwa watu wawili hiyo ni karibu laki tatu za kwetu, na laki tatu ni dawa za mama za miezi miwili. Kaka yangu anasema nilipe nisimtese mzazi. Mdogo wangu anasema uwanja ule ni mkubwa na una viti, tukae bure.

Waliowahi kuingia humo ndani naomba waniambie ukweli. Mama atalala? Chakula chake ni cha kushibisha au ni biskuti na kahawa? Nimetenga hela ya safari hii kwa kuhesabu shilingi moja moja.

#2 Mzee wa Makontena

Dada, usitupe hela. Naenda Guangzhou tangu 2009, na safari zote napitia uwanja wa mtu. Sijawahi kulipia launji hata siku moja na mzigo wangu unafika Kariakoo kama wa wengine.

Siri ni kujipanga. Beba kikoi, beba mto wa shingo, kaanga mihogo, weka na karanga. Chupa ya maji ipite tupu, utaijaza ndani kwenye mabomba ya maji ya kunywa, kwa sababu tangu ile Septemba 2001 maji hayapiti ukaguzi. Tafuta kona mbali na maduka, tandika, lala. Hizi launji ni mambo ya Waarabu, wamezianzisha juzi wapate pa kumalizia hela za watu.

#3 Kahawa Chungu, Mombasa

Mzee wa Makontena, wewe ni mwanamume mwenye mgongo mzima. Mama wa miaka 68 mwenye goti bovu utamtandikia kikoi sakafuni? Akishalala chini, nani atamwinua?

Tupige hesabu ya kweli. Chakula cha uwanjani si cha Mama Ntilie. Sandwichi na chai unaachana na dola kumi na tano bila kushiba. Usiku mzima mtu atakula mara mbili, na ninyi ni wawili. Hapo tayari ni dola sitini. Kwa hiyo launji haiwagharimu dola mia na kumi, inawagharimu hamsini juu ya hela ambayo mngeitumia vyovyote vile. Hiyo hamsini inanunua bafu, kiti chenye mgongo na choo kisicho na foleni. Mimi ningelipa.

#4 Rubani wa Ardhini

Nimefanya kazi ya kuhudumia abiria uwanjani miaka kumi na moja, naomba nirekebishe mambo mawili matatu.

La kwanza, #2 umechanganya. Katazo la vimiminika halikuja 2001. Lilikuja Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Ndipo ikaja sheria ya mililita 100. Chakula kikavu kinapita. Mchuzi, asali na siagi ya karanga vinahesabiwa kuwa vimiminika, kwa hiyo mihogo beba, ila usiitie rojo.

La pili, Binti Mzizima, ni muhimu kuliko hela. Launji nyingi za kulipia hazikupi usiku mzima. Muda wa kawaida ni saa tatu, na ukizidisha unalipa tena. Hiyo dola hamsini na kitu uliyoambiwa ni ya saa ngapi? Waulize kabla hujalipa. Ikiwa ni tatu, hesabu ya Kahawa Chungu inavunjika.

La tatu, kabla ya launji omba kiti cha magurudumu. Ni bure. Unaliambia shirika la ndege saa 48 kabla ya safari, halafu unahakikisha ombi limeandikwa kwenye tiketi. Huandikwa kwa herufi, aina tatu. Kuna WCHR, huyo anaweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. Kuna WCHS, ngazi hawezi. Kuna WCHC, huyo hatembei kabisa. Watu wengi huandikiwa WCHR kwa sababu waliulizwa tu, «Anatembea?» wakajibu ndiyo. Mama akipewa WCHR na ndege ikaegeshwa mbali na jengo, atashushwa kwa ngazi zile za chuma, ngazi ishirini na kitu, na goti hilo.

#5 Mwalimu wa Sarufi

Uzi mzuri. Ila «saa» haina wingi wa «masaa» katika Kiswahili sanifu. Ni saa tisa.

#6 Kahawa Chungu, Mombasa

Mwalimu, na ukiandika «tunasubiri saa tisa Doha» mtu ataelewa wanasubiri mpaka saa tisa usiku. Mwache dada na masaa yake, tumemwelewa.

#7 Mwalimu wa Sarufi

Angeandika «muda wa saa tisa». Haikosi njia.

#8 Binti Mzizima (mleta uzi)

Asanteni sana. Rubani, nimepiga simu sasa hivi: bei ile ni ya saa tatu kweli! Na tiketi ya mama haikuwa na ombi lolote la kiti, wakala hakutuuliza. Kesho naenda ofisini kwao kukiombea, na nitawaambia ngazi hawezi.

Mwalimu, muda wa saa tisa. Nimepokea.

#9 Ummu Khalid, Maskati

Assalaam alaykum bibie. Mie napita Doha kila mwaka nikienda kumwona mwanangu. Uwanja wa Hamad ulifunguliwa 2014, ni mpya kulinganisha na ule wa zamani, na una vitu vya bure ambavyo watu hawavijui wakakimbilia kulipa.

Ukitoka kwenye ukaguzi utamwona dubu mkubwa wa manjano ana taa kichwani, mrefu kama mita saba. Huyo ndiye alama yenu, mkipoteana rudini kwake. Kuna vyumba vya utulivu, cha wanawake peke yake na cha wanaume peke yake, vina viti vya kulaza miguu na taa hafifu. Havilipiwi. Kuna misikiti midogo kila upande, na udhu wake safi. Kuna ile bustani ya ndani pia, miti mizima ndani ya jengo, iliyofunguliwa 2022. Mama akiiona atafurahi.

Tatizo ni mbili. Viti vya vyumba vile hujaa mapema, ikifika saa sita usiku unawakuta watu wamekwisha kulala. Na baridi, bibie! Kiyoyozi kinapiga kama mko friji. Beba shuka zito na soksi, khaswa kwa mtu wa sukari asipate ganzi za miguu.

#10 Mkulima wa Makambako

Mimi nasema tuitazame biashara yenyewe. Uwanja unakuwekea viti vigumu vyenye vishikio vya chuma katikati usiweze kujilaza, unaweka mwanga mkali usiku kucha, halafu pembeni unakuuzia kiti laini na mwanga hafifu. Raha iliyotakiwa kuwa ya kila abiria imekatwa, ikafungiwa mlango, ikawekewa bei. Dada halipii anasa, analipia kuondolewa usumbufu aliowekewa makusudi. Ndiyo maana moyo wangu unakataa, hata kama hela ninayo.

#11 Ndugu wa Minneapolis

Mkulima, sehemu ya kwanza ya hoja yako naiona. Ila mnasema launji ni mambo ya juzi ya Waarabu, hapana. Ya kwanza ilikuwa ya American Airlines, New York, uwanja wa LaGuardia, 1939. Wakati ule ilikuwa ya wageni mashuhuri walioalikwa, huwezi kununua nafasi. Kuuziwa mlangoni kumekuja baadaye. Priority Pass, ile kadi ya kuingilia launji za mashirika mbalimbali, ilianza 1992.

Na ndiyo inayoziharibu siku hizi. Huku Marekani benki zimegawa kadi za kuingilia launji mpaka foleni ya mlangoni imekuwa ndefu kuliko ya geti. Shirika la ndege la Delta ilibidi wapunguze: tangu Februari 2025 mwenye kadi ya Amex Platinum anahesabiwa mara 10 kwa mwaka, zikiisha basi. Binti akifika na kuambiwa «tumejaa», asishangae. Aliyelipa mapema mtandaoni kwa kawaida hupewa nafasi kabla ya wa mlangoni.

Usinunue uanachama kwa safari moja. Daraja la chini la Priority Pass ni dola 99 kwa mwaka, na bado kila ukiingia unakatwa 35, na mgeni wako 35. Ila ulizeni benki zenu. Kuna kadi za daraja la juu za Dar na Nairobi zina nafasi kadhaa za launji na wenyewe hawajui.

#12 Mzee wa Makontena

Sawa, la Waarabu nimelifuta. La 2006 nalo nimelipokea.

Lakini hakuna aliyejibu hoja yangu: mwili unazoea. Mimi nikipita Addis nikasubiri sana napewa hoteli na basi la kunipeleka, bure. Kwa nini asidai hoteli Doha? Saa tisa si mchezo.

#13 Rubani wa Ardhini

Mzee, kila shirika lina utaratibu wake. Ethiopian wanatoa hoteli ukisubiri kati ya saa 8 na 24, mradi hakuna ndege yao ya kuunganisha iliyo karibu zaidi. Ukichagua mwenyewe tiketi ya kusubiri sana kwa sababu ni rahisi, hawakupi. Turkish wana matembezi ya bure ya mji wa Istanbul kwa anayesubiri kuanzia saa 6 mpaka 24. Utaratibu wa Addis huwezi kuudai Doha. Aulize shirika lake kwa maandishi, kabla ya siku ya safari.

#14 Dada wa Cherehani

Mimi nina ushuhuda mchungu, na sitautaja uwanja.

Nilikuwa natoka kununua vitambaa, nimechoka mpaka macho yanawasha. Nikalipia launji. Nikaoga, nikala wali na kuku, nikakaa kwenye kochi la kona nikajifunika mtandio. Nikajiambia nafumba macho dakika kumi. Nilipofumbua, glasi yangu ya maji ilikuwa imeshaondolewa mezani na vijana wawili waliokuwa mbele yangu hawapo. Nikatazama kile kioo cha ratiba za ndege. Mstari wangu umeandikwa geti limefungwa. Nilikimbia na viatu mkononi. Nilifika geti, ndege naiona kwa dirisha, ile njia ya kupitia imeshavutwa pembeni. Mhudumu alinitazama kwa huruma lakini mlango haufunguliwi.

Humo ndani hawatangazi ndege. Ni kimya, na kimya ndicho ulicholipia. Tiketi mpya iliniramba hela ya mitaji miwili. Binti, mkiingia weka kengele ya simu mbili, moja yako na moja ya mama. Na someni tarehe vizuri. Ndege ya Jumanne 00:40 ni ile ya usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa sita na dakika arobaini. Nimeona watu wamekuja uwanjani Jumanne usiku na mabegi yao, ndege ilishaondoka jana yake.

#15 Kahawa Chungu, Mombasa

Pole sana dada. Hiyo ya 00:40 ilimkuta mjomba wangu kabisa.

#16 Muuguzi wa Zamu

Mnaongea hela na viti. Mgonjwa je?

Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi, isiende kwenye begi la chini. Barua ya daktari iwe karibu, dawa haifungwi na ile mililita 100. Saa za Doha ni zilezile za Dar, kwa hiyo hapo ratiba ya kula na sindano haibadiliki. Chennai iko mbele kwa saa mbili na nusu, hapo ndipo umuulize daktari wake asogeze vipi.

Mtu wa sukari hasubiri chakula, na hili ndilo jambo moja linalonifanya niipende launji: chakula kipo wakati wowote, hahitaji foleni. Lakini mfuko wa mihogo na yai la kuchemsha unafanya kazi hiyohiyo.

Na makochi yao ni ya chini na yanazama. Mtu wa goti akishakaa humo, kuinuka ni maumivu. Nimeona wagonjwa wanavyoteseka na kochi laini. Kiti kigumu cha getini chenye mikono ya kushikilia kinaweza kumfaa zaidi. Na kila saa moja atembee kidogo, hata hatua ishirini, damu isilale miguuni.

#17 Mkulima wa Makambako

Muuguzi umenifundisha kitu. Vile vishikio vya chuma nilivyovilaumu, kumbe kwa mwenye goti ni msaada.

#18 Ummu Khalid, Maskati

Kweli kabisa. Marehemu mama yangu alikuwa hakai kochini, anataka kiti cha mbao.

#19 Kijana wa Kigamboni

Mimi naona mnamzungusha dada. Saa tatu za launji, saa sita za bure. Aanze na vyumba vya bure, alfajiri alipie launji waoge, wanywe chai, waende getini wakiwa safi. Au alipie vile vibanda vya kulala vya kwa saa.

#20 Dada wa Cherehani

Wengine tungeanza na launji. Mtu akitua amechoka ndipo anapoihitaji, alfajiri ya nini?

#21 Binti Mzizima (mleta uzi)

Wakuu, nawaandikia kutoka Chennai. Tumefika salama, mama ameonwa na daktari leo, upasuaji wiki ijayo inshallah. Nimeahidi kurudi na majibu.

Kiti cha magurudumu ndicho kilichotuokoa. Tiketi iliandikwa WCHS. Pale Doha kijana wa Kinepali alimpokea mama mlangoni kwa ndege akamsukuma mpaka ndani, na mimi nikitembea kando naona mwendo ulivyo mrefu nikasema kimoyomoyo, Rubani, Mungu akubariki.

Nililipia launji nilipotua, ya muda wa saa tatu, kwa sababu mama alikuwa amevimba miguu na alikuwa hajala vizuri ndani ya ndege. Bafu lilikuwa safi, maji ya moto, na kulikuwa na kiti cha plastiki ndani. Nilimwogesha mwenyewe, nikamsugua miguu, akavaa gauni jingine. Alisema, «Sasa najisikia mtu.» Akala wali, dengu na samaki. Kochi lilikuwa kama alivyosema Muuguzi, alizama humo, tulimwinua watu wawili. Nikamtafutia kiti cha meza ya kulia, akakaa hapo.

Lakini baada ya saa mbili tu akaniambia, «Tutoke. Humu watu hawasalimiani.» Saa nzima niliyoilipia nikaiacha. Tukaenda kwenye chumba cha wanawake, kimejaa kweli. Nje ya msikiti tukamkuta mama mmoja wa Lamu anakwenda Jeddah. Wakaanza kuongea, wakagundua wote wana wajukuu mapacha. Akala mihogo yetu, naye akatugawia visheti. Mama hakulala usiku ule hata kidogo, na kwenye ndege ya Chennai alilala safari nzima.

Sijui niseme hela ilipotea au haikupotea. Lile bafu ningelilipia tena. Chakula hapana.

#22 Kahawa Chungu, Mombasa

Alhamdulillahi. Basi nilisema kweli, bafu!

#23 Mzee wa Makontena

Kahawa, soma tena. Kilichomfurahisha mama ni mihogo na watu, na mihogo niliisema mwanzo kabisa. Dada, mwambie mama apone haraka.

#24 Ndugu wa Minneapolis

Wote mnasahau alikuwa anatoka safari ya karibu saa sita angani. Angeingia launji Dar kabla ya kuruka asingeona tofauti yoyote. Jambo ni wakati gani unaingia.

#25 Mkulima wa Makambako

Bafu moja safi lenye kiti cha plastiki halipaswi kuwa nyuma ya mlango wa dola hamsini. Hapo bado nimesimama.

#26 Muuguzi wa Zamu

Binti, miguu imeshuka uvimbe? Baada ya upasuaji, hiyo safari ya kurudi ndiyo ya kupanga kwa makini zaidi. Muulize daktari wa hapo atamruhusu kuruka lini, na kama atahitaji soksi za kubana au dawa ya kuzuia damu kuganda. Mtu aliyetoka kupasuliwa goti hakai saa tisa uwanjani, launji iwepo isiwepo.

#27 Binti Mzizima (mleta uzi)

Imeshuka, asante dada. Tarehe ya kurudi bado hatujaichagua, naona kuna tiketi ya kusubiri saa mbili na nusu tu Doha, ila imezidi ile yetu kwa dola mia na hamsini. Rubani, kama upo: saa mbili na nusu zinatosha kwa mtu wa kiti cha magurudumu kubadilisha ndege?